Tulivyofagia Msibani Usagara

Kila mmoja wenu ameniuliza kwa zamu yake. Mmeniuliza mlangoni pa kanisa, mmeniuliza kisimani, na Editha aliniuliza tukiwa katikati ya rozari, akajifanya anakohoa. Nimechoka kuanza upya kila mara, maana kila nikirudia nasahau jambo moja na kuongeza jingine. Kwa hiyo naandika mara moja, mpeane, msome, halafu mniache nimalizie likizo yangu.

Habari za kupangiwa kazi, mihuri na picha nazipita, hazina utamu. Mnachotakiwa kukumbuka ni sharti la baba. Alikubali nivuke ziwa kwenda kuuguza watu Mwanza mradi niwe na Koletha, niliyelala naye vitanda jirani tangu siku ya kwanza ya chuo. Wakitutenganisha, narudi nyumbani. Na nikirudi nyumbani mnajua nani ananisubiri: Bwana Fulgence, karani wa kahawa, mwenye baiskeli mbili na maneno machache. Sina ubaya naye hata kidogo. Ila sikukesha nikikariri mifupa yote ya binadamu ili nikampikie Fulgence.

Bukoba hadi Kemondo

Meli ilikuwa iondoke jioni. Ikakaa. Tuliambiwa inasubiri kahawa, kisha kahawa ikaja na tukaambiwa inasubiri wapakiaji. Mama alikuwa ametufungia ndizi za maharage kwenye majani, za kula ziwani. Tukazila palepale bandarini, tukiwa tumekalia masanduku yetu, na jua lilipochomoza tulikuwa bado tunaiona Bukoba.

Tulikuwa tumevaa sare. Msicheke. Mwalimu wetu wa chuo alituambia muuguzi hufika kazini akiwa tayari, nasi tulimwelewa hivyo hivyo alivyosema: sare nyeupe iliyotiwa wanga, kofia, viatu vya chokaa. Hatukufikiria kwamba kati ya chuo na kazi kuna ziwa.

Kemondo meli ikasimama kupakia ndizi. Mama mmoja mwenye mikungu mingi alitutazama kuanzia kofia hadi viatu, akasema, "Masista, niangalizieni, narudi." Mwenzake akaona, naye akatuwekea kapu. Basi ikawa kila anayetaka kwenda msalani analeta mzigo wake kwetu. "Waachie hao, hao hawaibi," walikuwa wanaambiana. Koletha akakaa juu ya mikungu, kofia kichwani, uso umekunjwa kama askari wa benki. Wenye mizigo waliporudi hakuna aliyesema asante, kwa sababu kwao tulikuwa sehemu ya meli.

Ziwani

Koletha alikuwa na kipimajoto mfukoni, na kosa lake lilikuwa kukitoa. Alimpima mtoto mmoja aliyekuwa analia. Mama wa mtoto akafurahi, jirani yake akaomba naye apimwe, na baada ya hapo sitaha yote ilikuwa imejipanga mstari. Tuliosha kipimo kwa maji ya chupa na kipande cha sabuni mpaka sabuni ikaisha. Mzee mmoja alipoambiwa hana homa alikasirika kabisa.

"Nimepanga mstari tangu kule mbele," alisema, "halafu unaniambia sina kitu?"

"Baba, ni vizuri kutokuwa na homa."

"Hicho kipimo chenu ni cha watoto."

Mama wa Kijita aliyekaa karibu nasi alituonea huruma, akafungua kikapu akatupa ugali wa muhogo na dagaa waliokaangwa. Mnajua Koletha alivyo: kwao chakula kisichokuwa ndizi ni kionjo tu. Alitazama ule ugali kama mtu aliyeletewa tofali. Lakini njaa ya ziwani haina maringo. Alikula wake, akala na nusu ya wangu, kisha akamuuliza yule mama dagaa wamekaangwaje. Jioni yale mawe makubwa ya Mwanza yakaanza kuonekana yamepandana majini, sare zetu zina mafuta ya dagaa, utomvu wa ndizi na alama za vidole vya watoto wa watu. Nilifurahi sana kuyaona, nasema kweli. Nilihisi maisha yangu yanaanza.

Mwanza mjini

Tulilala Nyakato kwa kaka yake Koletha, Deo, anayefanya kazi kiwanda cha nguo. Chumba kimoja, yeye na mkewe, na sisi nyuma ya pazia. Shemeji alifua sare zetu bila kuulizwa, akazipiga pasi ya mkaa hadi zikasimama zenyewe.

Hospitalini tulipokelewa na karani mwenye kalamu mbili masikioni. Alitusikiliza, akakohoa, kisha akasema:

"Nafasi hapa ni moja. Mwingine atakwenda Ukerewe."

"Tuliambiwa wawili," nikasema.

"Mliambiwa na nani? Metroni ndiye anayepanga. Na Metroni Kabula hayupo, amefiwa na baba yake. Yuko kwao Usagara."

Koletha alinishika mkono. Ukerewe si mwisho wa dunia, wala watu wake si wabaya. Lakini kwangu kisiwa kile kilikuwa na sura ya Fulgence. Niliuliza Metroni atarudi lini. Karani akatutazama kwa namna ya mtu mzima anayeona watoto hawajafundwa.

"Mkuu wenu wa kazi amefiwa, ninyi mnauliza atarudi lini. Mkampe pole kwanza."

Aibu ilinipata, maana alikuwa na haki. Pia, kwa kuwa naandikia rafiki zangu, nitasema lote: nilifikiri kwamba tukifika mbele yake wawili pamoja itakuwa vigumu kwake kutugawa.

Mkolani, Buhongwa na kuendelea

Basi la Shinyanga lilikuwa limeondoka, au halijaja, kutegemea umemuuliza nani. Tukapata lori la kubebea pamba lililokuwa linarudi vijijini na magunia matupu. Dereva alisema wauguzi hawalipi, ila tukae nyuma kwa sababu mbele yumo mama mkwe wake.

Mama mkwe huyo ndiye aliyeamua mwendo. Tulisimama Butimba akamsalimie dada yake, na dada yake akaanza kupika chai. Wanafunzi wa chuo cha ualimu walikuwa wanalima shamba la chuo ng'ambo ya barabara, wakaacha majembe wakatuimbia sisi tuliokaa juu ya magunia, wimbo wa kusifu wafanyakazi wa afya waendao vijijini. Koletha akawapungia mkono kama mke wa mkuu wa mkoa. Nilimwambia hatuendi kijijini kujenga taifa, tunakwenda kuomba tubaki mjini. Akasema wao hawajui, na wimbo ni mzuri.

Chai ikanyweka, safari ikaendelea, upepo ukapuliza yale magunia. Tuliposhuka njia panda ya Usagara tulikuwa na manyoya ya pamba kwenye nywele, kwenye nyusi na puani. Sare ile ya shemeji ilikuwa nyeupe bado, ila ilikuwa na manyoya kama kondoo.

Usagara, msibani

Nyumba ya msiba haikuhitaji kuulizwa. Watu wengi, masufuria makubwa, wanawake wamekaa kwenye mikeka ukutani. Lakini katikati ya uwanja alisimama mzee mmoja mfupi, amevaa koti kubwa lililomfika magotini, anakohoa kwa kujikamua na kugombeza watu.

"Mmenizika na njaa!" alikuwa anapiga kelele. "Chai yangu iko wapi? Mlidhani nimekufa?"

Mimi nilisita. Koletha hakusita. Alimwendea moja kwa moja, akamshika kifundo cha mkono, akaanza kuhesabu mapigo ya moyo. "Baba, shikamoo. Kaa chini kwanza. Umelala tangu juzi? Umekula?"

Yule mzee alitazama mkono wake ulioshikwa, akatutazama sisi na pamba zetu, kisha akawageukia waombolezaji. "Jamani, wake zangu wameletwa! Na wameletwa wakiwa wamefungwa kwenye pamba wasivunjike!"

Uwanja mzima ulicheka. Kicheko, msibani! Mama mmoja mnene, shangazi yake Metroni, aliyeitwa Shangazi Milembe, alikuja akatushika mabega akatuvuta pembeni.

"Wanangu, huyo si mgonjwa. Huyo ni Kondo, Mzaramo aliyekuja na kazi ya reli. Ni mtani wetu. Koti hilo ni la marehemu kaka yangu, na kukohoa ni kwa kaka yangu."

Kwetu utani wa namna hiyo tunausikia kwa mbali, hasa sisi tuliokulia mabweni ya masista. Pale niliuona kwa macho: msiba ukizidi uzito, mtani anakuja kuubeba kwa upuuzi wake. Anakaa kiti cha marehemu, anamwiga, anadai kuku, na hakuna wa kumkasirikia. Kondo alipojua tunatoka Bukoba alizidi. "Wahaya! Hao ukiwauliza saa wanakujibu kwa Kiingereza, na saa yenyewe hawana!" Nilimwonyesha saa niliyobana kifuani. Akasema ni ya kuazima.

Metroni Kabula alikuwa ndani, mama mrefu, kanga begani, macho makavu kabisa. Tulipiga magoti tukampa pole. Aliitikia, kisha akauliza:

"Mmekuja kunipa pole, au mmekuja kutafuta kazi?"

Mimi nilitafuta jibu la adabu. Koletha akajibu yeye. "Vyote viwili, Mama."

"Kazi haizungumzwi msibani," alisema. Kisha akaagiza tupewe chakula.

Tulipewa michembe iliyopikwa na karanga, na maziwa mgando kwenye kibuyu. Ile michembe, kwa asiyeijua, ni viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani, na nawaambia ningeweza kuvuka ziwa tena kwa ajili yake peke yake. Tukalala kwenye mikeka pamoja na wanawake wa nyumba ile, tumebanana vizuri, Koletha akiwa amelalia mguu wangu.

Ufagio

Sasa nafika pale mnapopataka.

Chuoni tulizoezwa kuamka kabla ya wagonjwa na kufagia wodi kabla hata ya kunawa uso. Mazoezi hayo yakishaingia mwilini hayaulizi uko wapi. Tuliamka alfajiri, wenyeji wamechoka bado wamelala, tukaona sebule ilivyo: maganda ya karanga, majivu, majani yaliyokaliwa, makombo ya siku zote tangu mazishi. Koletha aliguna. Mimi nikaguna. Hakuna aliyemwambia mwenzake neno. Ufagio haukuwa mahali pake, tukautafuta hadi tukauona umechomekwa juu kabisa kwenye paa, nami nikapanda kinu kuutoa. Mtu mwenye akili angejiuliza nani huficha ufagio kwenye paa, na kwa nini.

Tulifagia sebule, tukafagia veranda, tukazoa majivu ya jikoni, tukamwagia maji uwanja vumbi lilale. Tulikuwa tunajisikia vizuri, tukiimba chini chini wimbo wa kanisani. Ndipo Shangazi Milembe alipotoka mlangoni.

Sijawahi kusikia ukelele kama ule. Nyumba yote iliamka. Wanawake walitoka wameshika vichwa, mmoja akakimbilia jalalani kama vile angeweza kuyarudisha yale majivu. Nilielewa kabla sijaambiwa. Nyumba ya msiba haifagiliwi mpaka matanga yaondolewe. Anayefagia mapema anafagia na watu wa nyumba; ni kama kukiita kifo kirudi kuchukua mwingine. Hata kwetu mambo hayo yapo. Kama ningefikiri, ningekumbuka. Lakini mikono ilitangulia.

Metroni alitoka wa mwisho. Alitazama uwanja uliong'aa, akatazama ufagio mkononi mwangu. Nikasema moyoni: Ukerewe nayo sasa ni ndoto, kwaheri, Koletha.

"Nani kawaambia mfagie?" Shangazi alikuwa analia kwa hasira. "Nani?"

"Mimi!"

Alikuwa Kondo. Alikuwa anatoka nyuma ya nyumba anafunga vifungo vya lile koti, nywele zimesimama, ni wazi ndiyo kwanza anaamka. Akaninyang'anya ufagio.

"Nimewatuma mimi. Hawa si wake zangu? Tangu lini mtani akawa na mwiko katika nyumba hii? Nyumba ilikuwa inanuka kuliko marehemu, nimeisafisha. Sasa ufagio wangu una ada yake. Kuku yuko wapi?"

Mzee mmoja alisema taratibu kwamba, kwa kweli, mtani akifagia hakuna neno. Wengine wakaguna kukubali, kwa sababu kila mtu alitaka kukubali. Lakini Shangazi Milembe si wa kudanganywa asubuhi. Alinitazama machoni.

"Kama ninyi ni wa Kondo, basi nanyi ni watani. Mtani anajulikana kwa kazi yake. Haya, tuonyesheni."

Kondo akavua koti akanivika. Lilikuwa na harufu ya tumbaku. Akaninong'oneza, "Mke wangu, fanya lolote, ila usisimame kama mlingoti."

Sikumjua marehemu, Mzee Masanja, sikuwahi hata kuona picha yake. Nilichokijua ni wazee wa wodini kwetu, na hao ninawajua vizuri sana. Nikajikunja, nikakaa kwenye kiti cha marehemu. Koletha akaelewa hapo hapo, akashika kijiko akaja nacho kama nesi wa zamu aletaye kidonge. Nikamwambia kwa sauti ya kukwaruza, "Hii dawa kaionje wewe kwanza." Akanilazimisha. Nikameza, nikafungua mdomo, nikaonyesha ulimi kushoto, nikaonyesha ulimi kulia, nikamsifu nesi kwa kazi nzuri, nikamtakia maisha marefu na mume mwenye ng'ombe. Alipogeuka tu, nikatoa kidonge shavuni nikakifukia mguuni pa kiti.

Shangazi Milembe alikaa chini. Alicheka mpaka akakosa sauti, akawa anapiga ardhi kwa kiganja. "Ni yeye! Ni yeye huyo! Vidonge vya Kabula alivifukia vyote!"

Nikamtazama Metroni. Alikuwa anacheka na mabega yote, mkono mdomoni. Kisha mabega yakaendelea, lakini haikuwa kicheko tena. Alilia kwa sauti kubwa, kama mtoto, na shangazi yake akamkumbatia palepale kwenye uwanja uliofagiliwa. Baadaye wakatuambia kwamba tangu wazike alikuwa hajalia hata chozi moja. Mimi nami nililia, ndani ya koti la mtu nisiyemjua, wala sikujua nalia nini. Kondo peke yake hakulia. Alikuwa ameshamkamata kuku wake.

Njia panda

Metroni mwenyewe alitusindikiza hadi barabarani tulipokuwa tunasubiri gari la kurudi. Aliyavumilia maneno yetu ya kuomba radhi kwa muda, kisha akayakatisha kwa mkono.

"Hapa ni barabarani, si msibani. Naweza kusema habari za kazi. Karani aliwaambia nafasi ni moja?"

"Ndiyo, Mama."

"Ipo moja ya wodi ya wazazi. Hiyo atakwenda huyu anayeshika watu mikono kabla hajajua majina yao." Koletha aliinamisha kichwa. "Ya pili ipo siku zote. Huwa simwambii karani aitaje, kwa sababu kila ninayempeleka ananiomba uhamisho. Wodi ya wazee wanaume. Wanatukana, wanakojoa makusudi, na dawa zangu zote zinaota chini ya vitanda."

"Nitakwenda," nikasema kabla hajamaliza.

"Usifikiri ni zawadi. Sikupi kwa sababu ulinichekesha. Nakupa kwa sababu unajua mahali wanapoficha."

Gari lilikuja limechelewa, na tulipanda tukiwa tunashikana mikono. Koletha alilala begani kwangu njia nzima. Mimi sikulala. Nilikuwa nafurahi tu, furaha ya kijinga ya kutazama miamba na migunga inapita.

Nyumbani

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Tunaishi Nyakato bado, chumba jirani na cha Deo. Ni kweli wazee wangu wananitukana, na mmoja ananiita kwa jina la mbuzi wake. Nawapenda.

Baba nilipomweleza kwamba tuko pamoja, kama alivyotaka, alitikisa kichwa tu akauliza bei ya kahawa huko. Nikadhani ameridhika nusu. Basi mnajua kwamba Jumapili wazee wa upande wa Fulgence walikuja na rubisi, pombe yao ya ndizi, na ninyi nyote mnataka kujua walijibiwa nini. Nilikuwa jikoni na mama, ukuta wetu ni wa matete, nilisikia kila neno. Walisifu migomba, wakasifu mvua, wakasema wamesikia ua limerudi bustanini. Baba alikunywa taratibu hadi akaweka kibuyu chini.

"Huyo mnayemtaja hayupo," aliwaambia. "Yuko Mwanza, kazini. Ana wazee wake kule wanaomtegemea."

Mama alinitazama. Moshi ulikuwa mwingi na koo ilikuwa inaniwasha. Nikaziba mdomo kwa kiganja nisikohoe, nikakaa hivyo hivyo, mimi nisiyekuwepo, mpaka wageni walipoaga.